Sarafu za ndani ya kaunta

Juzi kijana wangu alipitisha randa kwenye kipande cha mvule, nami nikapiga chafya hadi mchomeleaji wa vyuma ng'ambo ya barabara akaniitia pole. Mvule umenifanya hivyo tangu ujana; pua yangu huutambua kabla ya macho. Siku hizi chafya zenyewe zimepungua, maana mvule hauonekani. Kuukata ni kwa kibali, na sisi maseremala wa Walukuba, hapa Jinja, tunahangaika na paini na mikalitusi mibichi inayojipinda kabla mteja hajamaliza kulipa. Kipande hicho kilitoka kwenye dirisha la nyumba ya zamani iliyobomolewa huko mjini. Nikafuta machozi, nikakaa kwenye benchi, na kazi ya asubuhi hiyo ikaniponyoka kabisa, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kaunta ya Hajati.

Ilikuwa mwaka 1994. Nilikuwa nimeachana na karakana ya mjomba, najitegemea na baiskeli moja na sanduku la vyombo. Fundi wa namna hiyo hachagui. Leo jeneza la musizi, kwa sababu msiba hausubiri mbao za bei. Kesho mlango wa mtu uliovimba kwa mvua. Keshokutwa uko Masese unawasaidia wenye mitumbwi kubadilisha ubao wa mugavu na kusindilia pamba kwenye nyufa. Stuli, mizinga ya nyuki, fremu ya picha ya marehemu, paa la banda la kuku. Watu wanadhani kazi yetu ni kutengeneza vitu. Nusu yake ni kufungua vitu vilivyotengenezwa na wengine, na ukiwa mkweli, hiyo ndiyo nusu yenye utamu.

Hajati aliuza vitambaa vya gomesi na kanga kwenye duka la Main Street, Jinja, ambalo kama mengi ya mtaa ule liliachwa na wenyewe mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda. Duka likaangukia mikononi mwa bodi ya serikali iliyoundwa kutunza mali zilizoachwa, likapangishwa, likapangishwa tena, hadi Hajati akakaa humo akazeekea humo. Halafu miaka ya tisini wenyewe wakaanza kurudi na karatasi zao. Mtoto wa mwenye duka alikuja kutoka Leicester, Uingereza, mtu mzima mwenye mvi, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha 1972: bei za vitu alizihesabu kwa senti.

Kwa hiyo Hajati alikuwa na barua ya kuhama, na alikuwa na binti wa kuozesha. Akaona ayamalize yote mawili kwa kaunta moja.

"Mwanangu," akaniambia, "hiki ndicho kitanda cha binti yangu. Kifungue. Usinivunjie."

Kaunta yenyewe ilivuka duka karibu kutoka ukuta hadi ukuta. Ubao wa juu ulikuwa mmoja, mpana, hauna kiungo, wa zama zile ambazo mvule ulikuwa ukiangushwa bila kuulizwa. Viwiko vya wateja vilikuwa vimeung'arisha kuliko vanishi yoyote. Upande wa kushoto palikuwa na tundu la kutumbukizia sarafu, na chini yake mtoto wa meza mwenye kufuli.

Sijagusa kitu, Muhindi akaingia.

"Shikamoo, Hajati. Hiyo ni ya duka."

"Marahaba, mwanangu. Ya duka ni kuta."

"Baba aliitengenezea hapa hapa. Haikupita mlangoni."

"Basi leo itapita."

Wakanigeukia wote wawili. Muhindi akauliza kwa upole tu: "Fundi, imepigiliwa kwenye nyumba, au haikupigiliwa?" Nikaelewa kwamba nimefanywa hakimu bila joho. Nikapiga magoti na tochi.

Haikuwa imepigiliwa kwenye sakafu. Haikuwa imepigiliwa ukutani. Kadiri nilivyozidi kutambaa chini yake ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa, kwa sababu haikuwa imepigiliwa hata yenyewe kwa yenyewe. Hakuna msumari, hakuna skrubu. Miguu ilikuwa imetobolewa, ndimi za mbao za ulalo zikapita humo na kutokeza upande wa pili, zikabanwa kwa kabari. Hiyo naijua, nimefundishwa. Ila ubao wa juu sikuona unashikwa na nini. Nikaupiga kwa ngumi, haukutikisika. Nikausukuma kwa bega, nikawa kama nasukuma bwawa la Owen Falls.

"Ni Kalasinga," Muhindi akasema. "Baba alimwita Kalasinga."

Niliposikia hivyo nikaweka nyundo chini. Mjomba aliwahi kufanya kazi chini ya mafundi Makalasinga, na tuliokuja baadaye tulirithi hadithi zao pamoja na patasi zao. Alikuwa akituambia kwamba kila kitu kilichofungwa bila msumari kina kipande kimoja kilichoingia mwisho. Usitafute kiungo, tafuta kipande hicho. Vyote vingine ni wafungwa wake.

Nikaomba majivu na kitambaa cha maji. Nikaanza kusugua kingo za ubao, taratibu, nikiondoa uchafu wa viganja vya miaka zaidi ya arobaini. Hajati akakaa kwenye robota la kanga. Muhindi akavua koti, akashika tochi, ananimulikia. Hakuna aliyesema kitu. Nilikuwa natafuta mahali ambapo nyuzi za mbao zinakwenda kinyume na wenzake, kwa sababu mtu anaweza kuficha kigingi kwa rangi, kwa nta, kwa vumbi, lakini kichwa cha kigingi kitaonyesha vinyweleo vilivyokatwa wima, na hapo hapana ujanja.

Nilikipata nyuma, upande ambao mteja hafiki, chini kabisa ya ukingo: duara dogo, jeusi kidogo kuliko mbao iliyolizunguka. Nikachukua msumari mnene uliokatwa ncha, nikauweka katikati, nikagonga. Kimya. Nikagonga tena. Sauti ikabadilika. Ukiwa fundi unaijua ile sauti, ya kitu kilichokubali. Kigingi kikatoka kizima, kirefu kuliko kidole changu cha kati, kikavu, kisafi kama kimechongwa asubuhi ile. Nikamwambia Muhindi ashike mwisho mmoja, nami mwingine, tusivute juu bali tusukume kwa ubavu. Ubao ukateleza kwenye mfuo wake, ukilia, ukafunguka.

Nilitaka kuangalia mfuo. Kwa kweli nilikuwa na hamu ya mfuo tu, na mistari ya penseli niliyoiona upande wa chini, tarakimu ambazo si zetu, hesabu za mtu aliyesimama pale pale nilipokuwa nimesimama. Lakini Hajati alikuwa ameinama anaangalia ndani.

Nyuma ya mtoto wa meza, kwenye sanduku la mbao lisilo na mlango, palikuwa na sarafu. Konzi kadhaa. Zimechanganyika na vumbi, sindano na mabawa ya mende. Za juu zilikuwa shilingi zenye korongo mwenye taji. Za chini zilikuwa za zamani za Afrika Mashariki, za shaba, zenye tundu katikati na pembe za ndovu pembeni yake. Moja niliisoma: senti kumi, 1952.

Nikachuchumaa nikaangalia ilivyokuwa. Mtoto wa meza alikuwa mfupi, hafiki mwisho. Ukabaki mwanya wa kidole. Sarafu ikitumbukizwa taratibu inaingia mahali pake. Ikitupwa kwa haraka, siku ya wateja wengi, inaruka na kuanguka nyuma. Niliwaeleza hivyo, najivunia kabisa jinsi nilivyoligundua.

Muhindi alicheka. Akaokota moja, akaifuta kwenye suruali, akacheka tena, halafu kicheko kikaishia njiani. "Hesabu ya jioni," akasema. "Kila jioni ilikuwa inapungua. Baba alimfukuza kijana wa duka. Alimpiga kwanza, ndiyo akamfukuza."

Nikamtazama Hajati, nikidhani atasema jambo la kumsuta mzee wa watu. Yeye alikuwa anatenganisha zile za korongo kwa ncha ya kidole, moja moja.

"Mimi nilimrudisha mtoto wa kaka yangu Iganga," akasema. "Nilimwandikia mama yake barua."

Hapo ndipo nilipotamani ningeitwa kurekebisha mlango.

Mengine yalikwenda haraka. Muhindi hakubishana tena. Alisema kaunta ichukuliwe, akaomba mtoto wa meza na kufuli lake. Kitanda nilikitengeneza, kizuri, ingawa katikati ya ubao ule msumeno uliparaza jiwe. Mvule hufanya hivyo: chokaa hujikusanya ndani ya shina ikawa jiwe jeupe, nawe huna habari mpaka meno ya msumeno yanapopukutika. Malipo yangu ya kitanda yaliishia kwenye msumeno mpya, na Hajati akanifidia kwa doti ya kanga ambayo mke wangu aliipenda kuliko mimi nilivyopenda fedha.

Ila sarafu hakuna aliyezitaka. Muhindi alisema ni za Hajati, Hajati akasema ni za Muhindi. Nikawaeleza kwamba thamani yake haifiki hata kibiriti: za tundu zilikufa pamoja na shilingi ya Afrika Mashariki, na za korongo ziliuawa mwaka 1987, fedha ilipobadilishwa na sifuri mbili zikakatwa. Walijua. Lakini hiyo siyo iliyowafanya wazikatae. "Zishike wewe, fundi," Hajati akasema, "mpaka tuelewane." Hawakuelewana. Muhindi aliuza nyumba akarudi zake Uingereza, Hajati tulimzika, nami nikabaki bodi ya kutunza mali, mwenyekiti na karani mimi mwenyewe, ofisi yangu ikiwa kopo la vanishi kwenye rafu ya juu. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha alichukua moja ya tundu akaiweka chini ya kichwa cha skrubu, kwenye bawaba ya kabati la mteja wa Bugembe. Nilimgombeza. Lakini ilikaa vizuri sana, na sikuitoa.

Miaka kama minane baadaye alikuja mama mmoja kutoka Iganga, kuulizia kitanda cha futi tano kwa sita. Katika mazungumzo akataja duka la shangazi yake, Main Street, mahali alipojifunza kupima kitambaa alipokuwa mdogo. Alilitaja kwa kupita tu. Aliuliza kama naukumbuka mtaa ulivyokuwa. Nikasema naukumbuka.

Kopo lilikuwa juu ya kichwa changu. Nilifikiria kulishusha. Nikafikiria nitaanzia wapi: na barua, na kigingi, au na marehemu? Je, kama alishasahau? Je, kama mama yake hakuwahi kumwonyesha barua ile? Nikabaki nimeshika penseli. Mwishowe nilichofanya ni kumpunguzia bei, sana, chini ya gharama ya mbao, bila yeye kuomba.

Akanyamaza. Akaniangalia, akauangalia ubao niliokuwa nimemwonyesha, akaugeuza upande wa pili na kuupapasa.

"Fundi," akasema, "huu una bungua?"

Nikamwambia hauna. Akasema atafikiria, akaenda kuulizia kwa seremala wa jirani, na kitanda akakiagiza huko.