Ngao kwanza, harambee baadaye

Mkiandaa hafla ya kutunuku ngao za heshima na kuchangisha fedha Dodoma, anzeni na tarehe. Aprili hadi Juni Bunge la bajeti linakaa, na ukumbi mzuri kuupata ni kwa mbinde.

Majina ya kwenye ngao yahakikiwe na wahusika wenyewe, kwa maandishi. Fundi huchonga alichopewa. Chiwanga ikitoka Kiwanga mbele ya wageni 200, mtu amefedheheshwa, hajaheshimiwa. Mwenyekiti wa mtaa au balozi wa nyumba kumi asomewe jambo moja linaloonekana, tuseme kisima alichokisimamia, kwa dakika moja. Wasifu mzima wa nini?

Ngao zitangulie harambee, maana mgeni rasmi akiinuka, meza kadhaa humfuata. Kila meza ya watu 10 iwekewe fomu, kalamu na namba ya malipo kwa tarakimu kubwa. Mhasibu apite meza kwa meza akiandika jina, kiasi, simu na tarehe ya kulipa. Ahadi ya kwenye kipaza sauti tu, ikishalala, kuidai ni kazi.

Kikundi cha Kigogo kikija na zeze, sogezeni maikrofoni hadi kwenye kibuyu chake. Ngoma za muheme haziihitaji.