Taa inawaka, sauti hakuna: siku tatu na pedali yangu ya fazi

Basi nimemaliza kuunda pedali ya fazi (kile kisanduku cha kukanyaga kinachoifanya sauti ya gita ikwaruze) kwa mikono yangu, nimechomeka gita, nimechomeka ampu, nimekanyaga swichi, taa nyekundu ikawaka kwa madaha kabisa, nikapiga nyuzi zote sita kwa nguvu... kimya. Si kwamba sauti ni ndogo au inakwaruza, hapana, kimya cha kaburini. Nikikanyaga tena kuizima gita linasikika safi kama kawaida. Nikawasha, kimya. Nikazima, gita. Nilikaa hivyo nikikanyaga kama dakika kumi nzima utadhani swichi itanionea huruma.

Na saketi yenyewe wala si kubwa. Ni ule mchoro wa Fuzz Face, ile pedali ya duara iliyotoka London mwaka 1966 na yule mpiga gita Jimi Hendrix akaitumia sana. Ndani yake kuna vitu 11 tu: transista 2, kapasita 3, rezista 4 na poti 2 (zile za kuzungusha kupandisha na kushusha). Kumi na moja! Yani unaweza kuvihesabu vyote ukiwa na usingizi, sasa nikawa najiuliza kosa linajifichaje kwenye vitu 11.

Kwanza niseme kuhusu ile taa maana ndo ilinidanganya siku ya kwanza yote. Taa ina njia yake, inatoka kwenye betri inapita kwenye rezista yake na swichi, basi, haiijui saketi ya fazi kabisa. Ikiwaka inakwambia betri ina moto na swichi inageuka, zaidi ya hapo haina habari. Mimi nikawa najipa moyo kwamba umeme unafika kila mahali kwa sababu taa inawaka, kumbe ni kama kuona taa ya nje inawaka ukasema basi wenyewe wapo ndani.

Siku ya pili nikachukua mita nikaanza kupima volti kwenye miguu mitatu ya transista (kolekta, besi na emita), mkono mweusi kwenye grauni (upande wa hasi wa saketi), mwekundu nagusa mguu mmoja mmoja. Namba zikawa hovyo, hazifanani na chochote. Hapo nikarudi kwenye mchoro na aibu ikanishika: mchoro ulikuwa wa transista aina ya BC547, mimi nimeweka 2N3904 kwa kuwa ndo nilizokuwa nazo. Kwa sura ni mapacha, lakini ukiigeuza upande bapa ukuelekee, BC547 inaanza kolekta, besi, emita, na 2N3904 inaanza emita, besi, kolekta. Yani zote mbili nilizichomeka kinyume. Nikazitoa, nikazigeuza, nikapima tena: besi ya kwanza volti 0.6, kolekta ya kwanza kama 1.3, na kolekta ya pili nikaivuta mpaka 4.5, nusu ya betri, kwa kuzungusha ile poti ndogo ya bisibisi niliyoiweka badala ya rezista ya kiloomu 8.2. Namba za kitabuni kabisa, nikafurahi, nikachomeka gita.

Kimya.

Hapo ndo nilikaribia kuitupa. Volti zote ziko sawa, transista ziko hai, sasa sauti inaenda wapi? Nikalala nayo kichwani, asubuhi nikakumbuka kwamba mita inanionyesha umeme wa betri tu, ule uliosimama, na sauti ni kitu kingine kinachotetemeka juu yake na kina njia zake. Kapasita ya kutokea kazi yake ni hiyo hiyo, inauzuia umeme wa betri na kuiachia sauti ipite. Kwa hiyo shida ikiwa baada ya kapasita hiyo mita haitaiona hata upime mwaka mzima, volti za transista zitakaa vizuri tu.

Nikaamua kutengeneza kijiti cha kusikilizia. Kebo ya zamani ya gita, nikaikata upande mmoja, waya wa nje naubana kwenye grauni ya pedali, waya wa ndani nimeulehemu kwenye kapasita ya nanofaradi 100 na mguu wa pili wa kapasita ndo ncha ya kugusia. Hiyo kapasita usiiache, ndo inayozuia volti za betri zisiingie kwenye ampu yako. Na ampu iweke chini chini maana ukigusa pasipostahili inapiga mlio wa kukutoa roho. Kwenye mdomo wa kuingilia nikachomeka simu ikawa inapiga muziki mfululizo, mikono yangu ikawa huru.

Sasa natembea na ncha. Kwenye jaki ya kuingilia, muziki upo. Besi ya kwanza, upo kwa mbali. Kolekta ya kwanza, upo na umeanza kukwaruza. Kolekta ya pili, jamani, fazi yenyewe hiyo, nene, inaguruma! Kabla ya kapasita ya kutokea ipo. Baada ya kapasita, hakuna.

Nikasema nimekukamata. Nikaing'oa kapasita nikaweka mpya. Hakuna. Nikaweka ya tatu. Hakuna. Huku ncha bado iko pale pale baada ya kapasita, navuta vuta waya, kiwiko kikagusa kitasa cha volyumu, ambacho siku zote tatu nilikuwa nimekifungua mpaka mwisho (si natafuta sauti?), kikarudi nyuma kidogo, na ampu ikaguruma. Nikafungua tena mwisho, ikafa. Nikapunguza, ikarudi. Volyumu ukipunguza sauti inakuja, ukiongeza inakata! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ukiifikiria inaeleweka. Sauti inaingia mguu mmoja wa poti, inatokea mguu wa kati kwenda nje, na mguu wa mwisho uko grauni. Kama mguu wa kati umepiga shoti na grauni, nje hakutoki kitu hata ufanyeje, na ukifungua mpaka mwisho unaiunganisha sauti moja kwa moja na hiyo shoti, ndo maana hata kwenye kapasita ilikufa. Mita nikaiweka kwenye mlio (inalia sehemu mbili zikiwa zimeungana), mguu wa kati na grauni: piiiip. Nikaweka tochi. Waya wangu ulikuwa wa nyuzi nyuzi, na unywele mmoja wa shaba ulichomoka wakati nalehemu ukalalia mguu wa jirani, mwembamba hata kuuona ni mpaka uinamishe poti kwenye mwanga.

Nikaunyanyua kwa kibano, ukakatika. Nikachomeka gita, nikasahau kwamba ampu sasa iko juu na volyumu iko mwisho.

Zile kapasita mbili nilizozing'oa nimezipima, zote nzima, ziko kwenye kopo na miguu yao mifupi.