Mlawi akifika hamsini

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tunasoma Hesabu 8:23-26, mistari minne tu ambayo wengi huwa tunairuka, na nimeichagua kwa sababu humu kwenye jumuiya wastaafu tumekuwa wengi, walimu, manesi, watu wa reli ya TAZARA, watu wa kilimo pale Uyole, na wengine mwakani wanatimiza 60 na wameshaanza kuhesabu miezi.

Mungu anamwambia Musa kwamba Mlawi, yaani mtu wa kabila la Lawi, aanze kazi ya hema ya ibada akiwa na miaka 25, akifika 50 aache. Hasubiriwi achoke wala haulizwi kama anapenda, ni sheria. Na ukitaka kujua kwa nini soma na sura ya 4 na ya 7. Ile hema ilikuwa inabomolewa na kusimamishwa upya kila kambi ikihama. Mbao zake zilikuwa na urefu wa dhiraa kumi, kama mita nne na nusu hivi, halafu kuna vile vitako vya fedha vya kusimamishia mbao, kila kimoja talanta moja, yaani zaidi ya kilo 30, na vilikuwa 100 (Kutoka 38:27). Kati ya koo za Walawi, wana wa Gershoni walipewa magari mawili ya ng'ombe, wana wa Merari manne, ila wana wa Kohathi hawakupata hata moja, vyombo vitakatifu walivibeba mabegani. Aliyewahi kupakia mbao Mafinga anajua bega la miaka 50 linavyouma usiku.

Sasa utamu uko mstari wa 26. Mzee hafukuzwi. Anabaki pale hemani na ndugu zake, analinda, anawasaidia, ila mzigo haugusi tena. Yupo, lakini habebi. Sisi hapo ndipo panapotushinda.

Kuna anayestaafu Ijumaa, Jumatatu ana miradi mitatu. Mkupuo wa mafao umeingia, basi parachichi Rungwe kwa sababu jirani kavuna, kuku wa kisasa nyuma ya nyumba, bodaboda kampa kijana wa shangazi. Parachichi sikatai jamani, ni baraka ya huku kwetu, lakini hata mche uliobebeshwa unataka kama miaka mitatu ndio uanze kukupa kitu, na kiangazi unataka maji, kwa hiyo mzee anashinda barabarani kati ya mjini na shamba, presha inapanda, mama nyumbani hamuoni, bora hata enzi za ofisi alikuwa anarudi jioni. Mhubiri 4:6 inasema heri konzi moja pamoja na utulivu kuliko konzi mbili pamoja na taabu.

Halafu kuna anayekaa tu. Saa kumi na moja alfajiri macho kodo kwa mazoea, ananyoosha shati, anakaa nalo sebuleni mpaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Katikati hapo anaanza kukagua jiko, mbona mafuta yameisha, mbona mkaa umewashwa mapema, na mama aliyeliendesha jiko hilo miaka yote bila msimamizi anamwangalia tu. Akina mama mnacheka, najua. Ila tumwonee huruma, mtu alizoea kuamkiwa shikamoo mwalimu barabara nzima, leo watoto wanampita tu hawamjui.

Na wa tatu huwa hatumsemi, anayetoka kazini na kuhamia kanisani na mzigo wote, mwenyekiti wa ujenzi yeye, mhazini yeye, kamati ya mazishi yeye, na vijana wa miaka 25 wamekaa benchi wanachezea simu kwa sababu hakuna kilichobaki cha kushika. Hata mkininunia nasema, kitako abebe kijana, sisi tusimame karibu tumwoneshe kinakaa wapi. Hapa mtaani kuna fundi umeme mmoja mstaafu, vijana wakifanya waya kwenye nyumba wanamwita, anakaa kwenye kreti mikono kaikunja, plaizi hashiki kabisa, akiona kosa anakohoa. Wanajua hicho kikohozi. Wakimaliza anapima saketi moja moja na testa yake halafu anaenda zake nyumbani kula na kulala kidogo mchana. Huyo ndiye Mlawi wa mstari wa 26, na bado jioni ana muda wa kumpitia mgonjwa.

Kwa hiyo wiki hii kila mstaafu aje na jina la kijana mmoja na kitu kimoja atakachomwachia, funguo, daftari la mahesabu, chochote. Wenye 55 na kuendelea ambao bado mko kazini, kaeni na wenzenu nyumbani mpange siku yenu itakuwaje, kabla ya kupanga mkupuo. Na mpime presha.

Jumatano saa kumi jioni kama kawaida, baridi imekaza njooni na masweta. Ndaga fijo, asanteni sana.