Rida ya RFID ya bibi, wiki ya tatu

Jana bibi kasikiliza taarifa ya habari mwenyewe bila kuniita, nimefurahi sana aisee. Rida ni kifaa kinachosoma stika za RFID, yaani stika zenye chipu inayosomwa bila waya: bibi anaweka kitu chenye stika juu yake, laptop inamchezea sauti niliyokipangia.

Kwa ambao hamjui nilipoanzia, mwaka 2008 kampuni ya Violet ya Ufaransa, wale wale wa sungura wa kielektroniki Nabaztag, walitoa kitu kinaitwa Mir:ror, kisahani cha USB, unaweka juu yake kitu chenye stika ya RFID na kompyuta inafanya kazi uliyoipangia kitu hicho. Wazo zuri mno, ila kila kitu kilipitia seva zao, na 2009 kampuni ikafilisika. Ndo maana yangu haina seva ya mtu: ni RC522 (ndo rida yenyewe), Arduino Uno (bodi ndogo inayoiendesha), laptop ya zamani na skripti ya Python, yaani programu fupi. Stika haibebi muziki, inabeba namba tu, skripti ndo inajua namba hii ni wimbo gani kwenye diski. Habari peke yake ndo inakula bando.

RC522 inataka volti 3.3, msije mkachomeka kwenye 5, ya kwanza niliiunguza hivyo.

Kipepeo cha jiko kinaleta taarab, kifuko cha tasbihi kinaleta mawaidha. Kopo la majani ya chai lilinitesa siku nne kwa sababu ni bati, na bati linaua uga wa sumaku ambao stika inautegemea kupata umeme wake, nikaja kuhamishia stika kwenye mfuniko wa plastiki, sasa bibi analigeuza kopo chini juu na inasoma.

Tatizo lingine taarab ilikuwa inakatika na kuanza upya kila sekunde, kumbe stika ikikaa tu pale, laibrari (kodi ya tayari inayoongea na rida) inajibu ipo, haipo, ipo, haipo. Sasa skripti inangoja "haipo" tatu mfululizo ndo inazima. Imetulia kabisa.

Bibi mwenyewe kaomba dawa zake za presha nazo ziwekwe, akiweka boksi iandikwe saa aliyokunywa, maana huwa anasahau kama kashakunywa au bado. Hii naitaka kuliko zote. Shida vidonge viko kwenye karatasi ya alumini, metali tena, kwa hiyo nimekata kipande cha ndala milimita 5 nikaweka kati ya boksi na stika. Inasoma, ila mpaka uiguse rida kabisa.