Migongo Kuelekea Madhabahu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeishi kwa kusoma uso wa bosi. Mkataba wangu unakaribia kwisha, na hapa Paris karatasi za ukaazi zinategemea mkataba. Akicheka, ninakula; akinuna, chakula hakipiti. Nikiwa katika hali hiyo, Jumamosi ilinibidi kuwapeleka wageni wetu Versailles, kasri la wafalme wa zamani karibu na Paris, nami nilikwenda shingo upande.

Kasri lile linachosha jamani. Foleni juani, kisha chumba baada ya chumba, watu bega kwa bega. Ukumbi wa Vioo peke yake una urefu wa mita 73 na vioo 357, na kila kioo kilinionyesha jinsi nilivyochoka. Tulipofika bustanini, mama mmoja katika wageni wetu alivua viatu, akaketi kando ya bwawa na kutangaza kwamba yale makao mengi ya mbinguni ya Yohana 14 wagawiwe wengine. Yeye chumba kimoja kinamtosha. Tulicheka hadi machozi. Lakini sijutii siku ile hata kidogo.

Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alihamishia makao ya serikali yake pale mwaka 1682. Makabaila wakubwa waliacha majumba yao ya fahari wakaja kubanana katika vijumba vya darini, ili mradi mfalme awaone. Asubuhi walisongamana kumtazama akiamka. Usiku ilikuwa heshima ya kugombaniwa kumshikia kinara cha mshumaa akienda kulala. Na mtu asiyeonekana pale akiombewa fadhili, mfalme alijibu kwamba huyo ni mtu asiyemwona kamwe. Basi, habari yake ilikuwa imekwisha.

Kanisa la kasri lililopo leo lilikamilika mwaka 1710. Mfalme alikaa juu ghorofani, wengine chini. Jean de La Bruyère, mwandishi wa enzi hizo, alieleza ibada za pale hata kabla kanisa hili halijajengwa: wakuu walisimama wakiipa madhabahu migongo, nyuso wameziinua kwa mfalme. Ilikuwa kana kwamba mfalme anamwabudu Mungu, nao wanamwabudu mfalme.

Hapo Roho alinibana. Nilimkumbuka Hajiri, mjakazi mtoro, mjamzito, peke yake jangwani penye chemchemi. Hakuwa na wa kumtaja mbele ya mkubwa yeyote. Malaika wa Bwana ndiye aliyemfuata huko na kumwita kwa jina, naye akasema, “Wewe u Mungu uonaye mimi.” Ndugu yangu unayengoja simu ya ofisi fulani, dada unayesafisha hoteli usiku na hakuna anayejua kama umekuja au umeondoka, Mungu hangoji upite mbele yake ndipo akujue. Yuko kwenye chemchemi hiyo hiyo unayolilia. Zaburi ya 123 inatuelekeza tumtazame yeye kama mtumishi atazamavyo mkono wa bwana wake, hata atakapoturehemu. Basi tumtazame, hata kama wiki hii mikono mingine yote imefungwa.

Sasa niseme nasi wa kanisani, maana tusijifanye hayo ni ya Wafaransa wa zamani. Mheshimiwa akiingia amechelewa, mahubiri yanakatwa, kwaya inasimama, kamera zote zinageuka. Mjane aliyewahi alfajiri anaondolewa kiti cha mbele. Kisha bahasha inatajwa kwa kiasi chake na tunapiga vigelegele ambavyo Neno halikupigiwa. Yakobo aliliandika wazi: mwenye pete ya dhahabu anaambiwa aketi mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame pale. Tumeisoma mara ngapi? Na bado tunamgeuzia Mungu mgongo nyumbani mwake, tena tukiwa tumevaa sare. Louis alipofariki mwaka 1715, padri Massillon alifungua mahubiri ya kumwombolezea kwa kusema Mungu peke yake ndiye mkuu. Aliyasema mfalme akiwa amekwisha kufa. Sisi tunaweza kuyasema mheshimiwa akiwa hai, amekaa anatusikia.

Kwa hiyo wahudumu wa mlangoni, Jumapili hii aliyewahi akae mbele. Mgeni mkubwa akichelewa, kuna benchi nyuma karibu na watoto, na wimbo usikatwe. Akiwa na salamu, atazitoa wakati wa matangazo, kwa dakika zile zile anazopewa mama wa kikundi cha Dorkasi.