Nilivyoyarudisha majani ya chini ya bwawa langu Pongwe

Nimechoka kusikia wenye mabwawa wakishauriwa wang'oe majani yote ya chini ya maji ili bwawa liwe safi. Ushauri huo nilipewa, nikaufuata, nikapoteza perege wa mwaka mzima.

Bwawa langu liko Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Ni hatua 40 kwa 25, kina cha kifua, na maji huingia kwa mfereji wakati wa mvua. Nilipolinunua shamba, chini kulikuwa na majani membamba marefu kama utepe. Maji yalikuwa maangavu hata ukimwona perege dume akichimba kiota chake.

Akapita mtaalamu mmoja, akasema majani yananyang'anya samaki chakula, yatoke. Nikaita vijana wanne, siku tatu, reki na panga. Tukayalundika kingoni, na hapo ndipo kosa la kwanza. Masika ilipokuja malundo yakaoza, na maji meusi ya uozo yakatiririka kurudi bwawani na mbolea yote iliyomo. Kosa la pili likaonekana kusi ilipoanza kuvuma. Udongo mwekundu wa mferejini, ambao zamani ulituama kati ya majani, sasa haukuwa na wa kuushika. Kila upepo tope linapanda, na kwenye maji ya tope jua halifiki chini, kwa hiyo hata mashina yaliyosalia hayakuchipua.

Kufikia mwezi wa nane bwawa lilikuwa kijani kizito kwa mwani, yaani vijimea vidogo sana vinavyoelea majini. Nikamrudia yule bwana, akaniambia nitie mrututu, ile dawa ya shaba ya kuulia mwani. Nikatia. Siku ya tatu ukijani ukapungua, nikafurahi sana. Alfajiri ya siku ya tano nikawakuta perege wako juu, vinywa nje, wanatweta. Saa mbili asubuhi walikuwa wakielea matumbo juu. Mwani ukifa wote kwa pamoja huzama na kuoza, na kuoza kule humaliza oksijeni ya maji. Mimi sikuambiwa hilo, ndiyo maana nawaambia nyinyi.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu, mkulima wa mpunga. Alikuja kunipa pole, tukasimama kwenye pembe moja ambako kishada kimoja cha majani kilisalimika. Nikakichomoa. Tope lilikuwa jeusi, linanuka yai viza, lakini kandokando ya mizizi kulikuwa na rangi ya chungwa.

"Mwanangu, hiyo ni kutu," akasema. "Mizizi ya mpunga wangu iko hivyo hivyo."

"Shangazi, kutu ndani ya tope imetoka wapi?"

"Mpunga unavuta pumzi juu, unaipeleka chini. Huu nao ni vivyo hivyo."

Nilikwenda kusoma, na maneno yake yalikuwa sawasawa. Majani haya yana mianya ndani inayoshusha oksijeni mpaka mizizini. Oksijeni ikikutana na chuma kilichomo kwenye tope, chuma kinapata kutu, na kutu hiyo hushika fosforasi, ambayo ni mbolea ya mimea. Tope likikosa hewa kutu inayeyuka, fosforasi inaachiliwa, inapanda majini na kuulisha mwani. Kwa hiyo nilipong'oa mizizi niliifungua ghala nzima ya mbolea iliyokuwa imelala chini, halafu nikashangaa maji kuwa kijani!

Kurudisha ndiko kulikonipa kazi. Nilisubiri kaskazi, nikapunguza maji kwa pampu ya kuazima hadi magotini ili jua lifike chini. Kambare nikawavua wote niliowaweza, maana hao hufukua tope usiku na mchana. Kisha nikapanda miche 60 moja kwa moja kwenye tope. Usiku wa nne haukubaki hata mmoja. Mingine ilielea, mingine perege wachache walionusurika waliitafuna mpaka shina.

Ndipo nikakumbuka mapakacha. Nilisuka ya makuti mabichi, nikajaza tope la bwawa lenyewe, juu nikatandaza mchanga wa vidole viwili ili tope lisitimke, nikapanda miche mitano kila pakacha na kulizamisha taratibu. Uzuri wa pakacha ni kwamba mizizi hupenya kwenye matundu na kushika chini, na kufikia makuti kuoza mche umeshajitegemea. Kuzunguka nikapigilia vigingi na kufunga nyavu chakavu za wavuvi. Nyavu nilipewa bure. Gharama kubwa ilikuwa mafuta ya pampu na nauli za kufuata miche upande wa Muheza, jumla kama laki moja, pengine na ushee. Miche hiyo ni Vallisneria, majani marefu kama utepe. Nilichanganya na Ceratophyllum, ambayo haina mizizi na hufyonza chakula majini moja kwa moja, hivyo ilimpunguzia mwani riziki wakati yale mengine yanashika. Msiichanganye na magugumaji yaliyosumbua Ziwa Victoria. Yale huelea na kuziba jua, sitaki kuyaona.

Kupima uangavu natumia sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kamba, naishusha mpaka ipotee machoni. Padri Angelo Secchi wa Italia alipima bahari kwa sahani ya namna hii mwaka 1865. Yangu ilikuwa ikipotea kwenye shubiri moja. Miezi saba baada ya mapakacha ikafika dhiraa moja na nusu, nikampigia shangazi simu nikiwa bado nimesimama majini.

Sasa nayaacha yatawale theluthi mbili tu ya bwawa, kwa sababu usiku nayo huvuta oksijeni, yakijaa sana samaki huumia alfajiri. Ninayopunguza siyalundiki kingoni tena. Napeleka kwenye migomba, mbali na mfereji. Masika ya mwaka huu maji yaliingia mekundu kama kawaida. Siku ya sita nilishusha sahani, nikaiona imelala chini kabisa, na perege mmoja anaizunguka.