Wimbi la Hokusai sebuleni, Kigamboni

Mume wangu alitaka saa kubwa ya ukutani. Mimi nilitaka picha ya wimbi, lile la Hokusai, mchoraji wa Japani: mashua tatu, bahari imeinua makucha, na mlima Fuji kwa mbali umekuwa kadogo. Mama alipokuja kututembelea aliliangalia, akaniuliza, "Bahari si hiyo hapo nje, mwanangu? Na hii umeilipia?"

Kuna wanaosema nimenunua kopi. Sawa, lakini hata Hokusai mwenyewe hakutaka ibaki moja. Alitoa mchoro mnamo 1831 hivi, mafundi wakauchonga kwenye mbao, rangi ikapakwa, karatasi zikagandamizwa juu yake moja moja, zikauzwa kwa watu wa kawaida tu.

Kariakoo zipo nakala zilizokwisha kuwekwa fremu, kubwa, bei ya kuvutia. Ila sogea karibu utazame juu kushoto. Pale hukaa kisanduku chenye jina la picha, na pembeni yake sahihi ya mchoraji. Kwenye niliyoonyeshwa vyote vimekatwa ili picha ienee kwenye fremu ya mraba. Nyingine imevutwa mpaka Fuji umelala. Ya asili ni ndogo, kama sentimita 25 kwa 37, kati ya A4 na A3.

Nikaachana nazo. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, tangu 2017 limeruhusu mtu kupakua bure picha za kazi zake zisizobanwa na hakimiliki, na wimbi limo. Nikalipeleka kwa wachapaji mjini, nikaomba karatasi nene isiyong'aa, kipimo kilekile cha asili.

Hela kubwa ikaishia kwenye fremu. Fundi alishashika kopo la gundi aibandike kwenye hadibodi.

"Fundi, naomba usibandike."

"Dada, itajikunja hii."

"Ishike juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi. Chini iache huru."

Alinicheka, akafanya. Kwa unyevu wa huku kwetu karatasi hutanuka na kusinyaa. Ukiibana pande zote inafanya mawimbi yake yenyewe. Akaizungushia kadi nene kuitenga na kioo, maana kioo kikigusa karatasi, siku ya joto inanata na ukungu unaanzia hapohapo. Nyuma, kwenye pembe za chini, vipande vya mpira ili hewa ipite ukutani.

Jua nalo ni adui. Nakala za mwanzo za wimbi hili zilikuwa na wekundu hafifu angani, na kwenye nyingi umeshafifia. Yangu haitazami dirisha.

Kama ukuta ni wa tofali, achana na msumari. Toboa kwa drili, weka plagi na skrubu, kioo ni kizito. Na usiitundike juu mno. Tumezoea kupandisha picha hadi karibu na dari kama ya Rais ofisini. Hii ina wapiga makasia wa kuangalia mmoja mmoja, iweke usawa wa macho.